Pete Ndani ya Ala

Basi la njano lilikuwa likiwatoa watu kwenye maegesho kuwapeleka langoni mwa tamasha la kuigiza maisha ya kale, huko Minnesota. Verna, ambaye kazi yake ni kufunga panga za wageni pale langoni, aliketi nyuma ya kijana mwenye deraya na mzee aliyevaa kanzu ya kitawa.

"Langoni watakufungia upanga na ala yake kwa kamba," mzee alisema. "Ndilo fundo la amani. Huchomoi tena mpaka utoke jioni."

"Usinitanie, mzee wangu! Huu si wa bati tu?"

"Hata ungekuwa wa boksi."

Kijana akanong'ona kwa sauti ya kusikika basi zima. "Pete ya mpenzi wangu Corliss nimeitumbukiza humu ndani ya ala. Napiga goti, nachomoa upanga, naidondosha kiganjani mwake."

"Basi itoe sasa hivi."

"Na mwenyewe kakaa pale mbele? Sasa mzee, nifunge ndoa au nifunge upanga?"

"Funga vyote."

"Nikifunga upanga, ndoa itafungikaje?"

Mzee akakuna kichwa. Verna pia. Miaka kumi na mmoja ya kufunga panga, hakuwahi kusikia amani ikizuia ndoa. Ndoa yake mwenyewe ilivunjwa na kelele.

Basi likasimama. Verna akainuka, kamba nyekundu zikining'inia shingoni. Kijana akaukumbatia upanga kama mtoto mchanga.

"Delmar!" Corliss akaita kwa furaha kutoka mbele. "Mfungaji huyo hapo nyuma yako. Ufungwe wewe kwanza!"