Cicily Gatakaa, Askari Aliyewaonjesha Wageni Chakula Chao

Mchungaji, wazee wa ukoo, wenzake wa magereza mliokuja na sare zenu, na nyinyi majirani wa Ishiara ambao hamjapumzika wiki nzima kwa ajili yetu, familia imenituma mimi Kiunga, mdogo wake, niwasomee maisha ya dada yetu, na sauti ikikatika mnivumilie.

Cicily alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 karibu na Kangeta, kifungua mimba wa mzee Muthamia na mama Nkirote, akasoma hapo hapo kijijini hadi akamaliza kidato cha nne mwaka 1984, mkaidi tangu utotoni, akikataa jambo amekataa, hata baba alinyoosha mikono. Alijiunga na Idara ya Magereza mwaka 1988, akaolewa na Ngari wa hapa Ishiara tarehe 7 Desemba 1991, na Mungu akawajalia Kawira na Munene.

Mwaka 2006 aliletwa kwenye gereza moja la wanaume upande huu wa Embu, akapewa lango, kazi yake kupekua akina mama na vyakula vyao, maana bangi na vidonge vya kulevya vilikuwa vinaingia ndani ya githeri, katikati ya mahindi na maharagwe, na vijana wanaumizana huko ndani kwa sababu hiyo. Wenzake walikuwa wakitoboa kila sufuria kwa chuma, Cicily akasema chakula kilichochokorwa namna hiyo hata mbwa atakinusa tu, basi akaleta langoni desturi ya kwetu, kwamba anayempakulia mgeni huonja kwanza mbele yake, kila mama akachota juu na chini, akala, akapita. Loo, wenye hila wote walisingizia kuumwa na tumbo siku hizo ili wasionje! Vidonge vikapungua, na mfungwa akala chakula cha mama yake kikiwa bado na sura ya chakula.

Ijumaa Kuu, tarehe 15 Aprili 2022, alikuja Marcella, mjane wa kanisa letu, kumwona mwanawe Gitobu kama alivyozoea, akasema leo amefunga, na Cicily naye alikuwa amefunga, sasa utamlazimishaje Mkristo mwenzako ale siku kama hiyo, akampisha. Kumbe wababe wa seli walikuwa wanampiga Gitobu ili mama yake awaingizie vidonge, na uchungu wa mwana aujuaye mzazi, Marcella akavificha ndani ya githeri, nao wakamwonjesha Gitobu kwanza waone kama ni vikali, kijana hakuamka tena.

Marcella alifungwa, chakula cha nyumbani kikapigwa marufuku, wavu ukawekwa kati ya mama na mtoto, akina mama wakaanza kuvuliwa nguo langoni, na Cicily akahamishiwa stoo, akastaafu kabla ya wakati wake, Septemba 2023. Tulimwambia ajali haina kinga, hakusikia, alisema kosa ni lake na adhabu wamebebeshwa wengine. Wenzake mtanisamehe, ninyi wenyewe mmetuambia hapa matangani kwamba vidonge bado vinaingia kwa njia nyingine, kilichokoma ni githeri peke yake. Jamani, inauma.

Februari 2025 alipatikana na saratani ya koo, akatibiwa hapa Embu, akatuacha asubuhi ya tarehe 8 Novemba 2025. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole, majirani mliotuchotea maji na kutupikia, na wenzake mliochanga na kubeba jeneza lake.

Alipokuwa hawezi tena kumeza, alimwomba Kawira ampikie Marcella githeri ampelekee gerezani, aonje kwanza mbele ya askari. Kawira alikwenda Jumanne hii ya matanga, akasimama juani langoni, akajitolea kuonja, akarudishwa na sufuria yake imefunikwa vile vile, na chakula hicho tumekila sisi hapa, bila hamu.

Nenda salama, dada yetu, ukapate huko amani ambayo umeacha haipo langoni.