Kijapani cha Basi la Sericho

Mzee Lokol aligeuka kitini kumkabili Hoda, msichana ambaye hawakujuana naye tulipotoka Isiolo, aliyekuwa akijizoeza Kijapani kwa sauti. "Nilichimba visima na Wajapani miaka minne, mama. Hicho Kijapani chako kimemeza nusu ya kitenzi!"

"Mzee, vijana wa Osaka ndio wanaongea hivi, nawasikia kwa simu kila siku. Kesho natembeza wageni wa kwao. Niwaongeleshe kama nyanya yao?"

"Nyanya ndiye aliwafundisha!"

Basi zima likagawanyika vyama viwili, na kati yetu wengine hakuna aliyejua neno moja la Kijapani. Mimi nilikuwa chama cha nyanya.

Tuliposimama Sericho, abiria wa kiti cha mbele alifunua shuka aliyojikinga nayo vumbi. Mjapani halisi, analia kwa kicheko! Akamwinamia mzee, akamgongea Hoda tano kwa kiganja, akashuka bila kusema lugha yoyote.