Mwalimu Gorreti Nambozo, Aliyewafundisha Watoto wa Mbale Nchi ya Jangwa (1979–2025)

Mwalimu Gorreti Nambozo alizaliwa hapa Nakaloke tarehe 14 Aprili 1979, wiki ambayo askari walioshindwa vita Kampala walikuwa wakikimbilia mashariki. Mama yake, Mama Jovia, alijifungulia shambani katikati ya migomba, maana nyumba ilikuwa imevamiwa. Siku chache baadaye baba yake alitoka kutafuta chumvi. Askari wakaitaka baiskeli yake. Aliwapa, na bado wakampiga risasi. Mtoto alipewa jina baba akiwa ameshazikwa.

Alisoma shule ya msingi papa hapa Nakaloke, kisha sekondari mjini Mbale, akamaliza kidato cha sita mwaka 1998. Alikuwa hodari wa jiografia na mkaidi katika mengine yote. Mwaka uliofuata alimwambia mama yake kwamba anaingia jeshini, na Mama Jovia akakataa kusema naye hadi alipoondoka. Jeshini alifunzwa kuendesha malori, akapangiwa kambi ya Jinja.

Jinja ndiko alikokutana na Koplo Jimmy Ojok, Mwacholi. Gorreti hakujua Kiacholi, Ojok hakujua Lumasaba, lugha ya huku kwetu, wakapendana kwa Kiswahili cha kambini. Ndiyo maana hata wasifu huu unasomwa kwa Kiswahili: ndiyo lugha ya nyumba yao. Ojok alipokuja kuposa, Mama Jovia alimtazama tangu buti hadi kofia.

"Kiswahili hiki nilikisikia mlangoni kwangu siku zile walipomuua mume wangu," alisema. "Leo mnaniletea tena?"

Ojok akavua kofia, akaketi chini kwenye mkeka. "Mama, hata baba yangu aliuawa na watu wa bunduki. Mimi sikuja na bunduki. Nimekuja kuomba."

Mama Jovia akamwambia Gorreti ateleke maji ya chai. Harusi ilifungwa kanisani Jinja tarehe 6 Novemba 2004. Mungu aliwajalia watoto wawili, Ritah na Jude.

Mwaka 2010 Gorreti alipelekwa Somalia na kikosi cha kulinda amani. Aliendesha lori la maji. Kazi hiyo ilimpa kuijua nchi kuliko wengi waliokaa nyuma ya viroba vya mchanga. Alijifunza kwamba mfugaji wa kule hutembea na visima vyote kichwani mwake, kwamba nyumba nzima hukunjwa asubuhi ikapandishwa juu ya ngamia, na kwamba mtu mwenye ulimi wa mashairi husikilizwa kuliko mwenye mali. Akaokota na lugha yao kidogo kidogo. Kila alipopishana na mama mfugaji aitwaye Ramlah, alisimamisha lori na kumjazia madumu.

Februari 2011 lori lake lilikanyaga bomu lililofukiwa barabarani. Mwenzake aliyeketi naye mbele, Praiveti Odero, alikatika miguu yote miwili, akafa huku amemshika mkono. Gorreti alitambaa nje kupitia kioo kilichopasuka, sikio la kushoto likivuja damu, maji ya lori yakimezwa na mchanga. Wenye bunduki wakatokea vichakani. Alisikia wakiwamaliza majeruhi wa gari la nyuma, mmoja baada ya mwingine. Ramlah, aliyekuwa karibu na mifugo yake, alimburuta hadi ndani ya nyumba yake ya mikeka, akamfunika, kisha akaketi mlangoni. Kijana mmoja alimwekea mtutu kifuani.

"Aliye ndani ya nyumba yangu ni wangu," Ramlah akamwambia. "Ukimtaka, anza na mimi."

Yule kijana alijua kwamba akimuua, ukoo wa Ramlah ungeidai damu hiyo kwa ukoo wake, hata miaka ipite. Akashusha mtutu, akaondoka.

Gorreti aliachishwa jeshi mwaka 2012, sikio moja limekufa. Mlango ukibamizwa alijitupa chini, hata akiwa na sahani mkononi. Ojok, aliyestaafu ili wahamie Mbale, alijifunza kumwita kwa mbali kabla ya kumgusa. Kilichomwinua ni kusoma. Alichukua diploma ya ualimu, na tangu mwaka 2015 akafundisha jiografia katika sekondari moja ya Malukhu.

Wanafunzi wake walioko hapa wanalikumbuka somo lake la Somalia. Aliingia darasani na dumu moja la maji. "Nyinyi wa dirishani ni ukoo mmoja, nyinyi wa ukutani ukoo mwingine," aliwaambia. "Mna ngamia, mna mbuzi, mna mgonjwa, na mama aliyejifungua jana. Mvua haiji. Haya, gawaneni." Kabla ya kengele kulia, vijana wawili walikuwa wameshikana mashati na dumu limepinduka. Aliwaacha watazame maji yakipotelea kwenye nyufa za sakafu.

"Mmeshaelewa kwa nini watu huuana kisimani," alisema. "Sasa fungueni vitabu, tusome jinsi wanavyopatana."

Mwanafunzi mmoja aliwahi kumwuliza, "Lakini madam, si ndio hao waliokuua sikio?"

"Aliyeniua sikio ni wa kule, na aliyeniponya ni wa kule. Andika wote wawili."

Jumanne tarehe 7 Oktoba 2025, akitoka shuleni kwa miguu, alifika Namakwekwe akakuta umati. Lori lilikuwa limemgonga mwendesha boda boda na kumvunja mguu. Dereva, Bwana Warsame, ni Msomali kutoka Kenya. Mtu alipaza sauti kwamba ni gaidi, na hilo likatosha. Walimshusha, wakampiga kwa matofali na nondo hadi jicho likapasuka. Tairi lilikuwa limeshaletwa, na petroli. Gorreti alipenya akaketi juu ya yule dereva.

"Mama, toka. Huyu ni alshabab," mwanaume mmoja alimwambia.

"Alshabab mimi nimewaona. Wewe hujawaona. Huyu ni dereva."

"Toka, ama tutakuchoma naye."

"Choma."

Ndipo akaona sare za shule yake katikati ya watu wale. Akamwita mmoja, Jaliah: "Njoo unishike mkono." Jaliah akaja. Wakamfuata wenzake, wakamzunguka mwalimu wao na yule mtu aliyekuwa chini. Tofali lilirushwa kutoka kushoto. Jaliah aliliona, akapiga kelele, lakini upande ule Gorreti hakuwa na sikio. Bwana Rasik, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alifungua mlango wake wa chuma, na wanafunzi wakawaburuta wote wawili ndani.

Fuvu la Gorreti lilikuwa limepasuka. Alipasuliwa hospitalini, na Alhamisi akafumbua macho, akamwuliza Ojok kama dereva yu hai. Alipojibiwa ndiyo, aliomba uji. Baada ya hapo hali ilizidi kuwa mbaya, akafariki Jumapili tarehe 19 Oktoba alfajiri, akiwa na miaka 46.

Jana mchana vijana waliomjua aliyerusha tofali walikusanyika hapa langoni na petroli yao, waende kuichoma nyumba ya kwao. Afande Ojok alisimama mbele yao. "Mkimchoma yule mtoto," alisema, "nitakuwa nimemzika mke wangu mara mbili." Alibaki pale langoni mpaka wa mwisho wao akarudi nyumbani. Kijana huyo sasa yuko mikononi mwa polisi, na familia inaomba aachwe huko.

Marehemu ameacha mama yake mzazi, Mama Jovia. Mume wake, Afande Jimmy Ojok. Watoto wake, Ritah na Jude. Binamu yake Cissy, anayewasomea haya. Na wanafunzi wengi. Bwana Warsame ametoka hospitali, na ameketi pamoja na wafiwa.

Mama wa yule kijana naye amekuja. Amefika asubuhi na mkungu wa ndizi kichwani, na Mama Jovia mwenyewe ndiye aliyemtua. Wako jikoni wanamenya pamoja. Mama huyo asiguswe na mtu.

Mungu amlaze Gorreti mahali pasipolia bunduki.