Uzi wa Edmund Kihwele, Msimamizi wa Viwanja vya Mji wa Mbeya (1916–1958)

Wapendwa waombolezaji, ndugu mliotoka Iringa mkining'inia kwenye lori, wakwe zetu wa Rungwe, nanyi wenyeji wa Mbeya mliojaa hadi barabarani, tulieni kidogo msomewe safari ya marehemu Edmund Kihwele, na anayeisoma ni Abrahamu, mdogo wake wa tumbo moja.

Marehemu alizaliwa Agosti 1916, Kilolo, Iringa, siku zile Wajerumani walipokuwa wakiondoka, ndivyo mama alivyokuwa akihesabu, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Kihwele, mkulima wa ulezi. Aliingia shule ya misheni mwaka 1926, akamaliza darasa la sita mwaka 1933, na mwalimu wake alikuwa akisema kwamba hesabu kijana anaziweza, ila kengele ya michezo anaisikia kabla haijapigwa.

Mwaka 1934 alikwenda kuchimba dhahabu Makongolosi, akaambulia homa na shati moja, mwaka 1940 akaandikishwa Keya, jeshi la Mwingereza, akafika Burma, akarudi mzima Machi 1946. Tarehe 7 Desemba mwaka huo alifunga ndoa na Sekela, binti wa Rungwe, wakajaliwa watoto watatu, Damari, aliyezaliwa tarehe 3 Novemba 1947, na wadogo zake wawili wa kiume.

Tarehe 1 Machi 1951 aliajiriwa na mji wa Mbeya, katika bustani na viwanja, awe msimamizi wa michezo ya wananchi, na kiwanja chenyewe, jamani, wazee mnakumbuka, kilikuwa visiki na mbuzi. Aliving'oa visiki akisaidiana na mwenzake Matano, akapanda nyasi, akaleta bao, kuvuta kamba, ngoma za Wasafwa, Wanyakyusa na Wahehe mahali pamoja bila ngumi, na kila Agosti mbio za watoto, ambazo mwishoni mwake alishika mwenyewe uzi mwekundu wa sufu, wa kwanza aukate kwa kifua.

Sheria zake zilikuwa mbili, wala hakuna aliyemtikisa. Ya kwanza, mjini kukiwa na msiba, wa mtu yeyote awaye, uzi haushikwi wala mchezo hauchezwi, na mwaka 1955 alivunja fainali kwa sababu mzee mmoja muuza kuni, asiye na ndugu, alikuwa amelala ndani hajazikwa, watu wakamtukana, ofisini wakamgombeza, yeye akaenda kuchimba kaburi. Ya pili, mtoto wa mshika uzi hashindani, watu wasije wakasema.

Hiyo ya pili ilimuumiza Damari. Kila mwaka alikimbia peke yake nje ya mstari wa chokaa, sambamba na wenzake, mara nyingi akawapita, na hakuna aliyemhesabu, akarudi nyumbani analia, na mama Damari akimwombea, kaka alijibu kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Alikuwa mkaidi, na kusema kweli siku nyingine alikera.

Mei mwaka huu tumbo lilianza kumjaa maji, madaktari wakasema ni ini, akalazwa tarehe 2 Julai. Alhamisi iliyopita alimwita Damari kitandani, akamwambia kwamba mwaka huu uzi atashika Matano, basi na akakimbie ndani ya mstari, kisha akageukia ukutani akalia, huyo aliyekuwa na methali yake.

Jumamosi, tarehe 9 Agosti 1958, saa tatu na nusu asubuhi, marehemu alikata roho, akiwa na miaka arobaini na miwili. Shemeji Sekela alimtuma Abrahamu mbio kiwanjani, amwambie Matano kuna msiba, michezo isimame, kama sheria ya mwenyewe ilivyotaka. Abrahamu alifika wasichana wamekwisha kupangwa, Damari mstari wa tano, miguu mitupu, ndani ya chokaa kwa mara ya kwanza, na Matano alipouliza hali ya mgonjwa, Abrahamu alijibu kwamba anapumua.

Alidanganya. Abrahamu huyo ndiye anayesoma karatasi hii, na anakuomba radhi, bwana Matano, uliyeshika uzi juu ya maiti ya rafiki yako bila kujua, anakuomba radhi, shemeji, na Damari zaidi, kwa kuwa mtoto aliukata uzi, hakusimama, akapitiliza mbio hadi hospitali nao ukining'inia shingoni, akamwonyeshe baba yake, na ami yake mtu mzima nyuma hakuweza kumfikia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika, wenzake wa bustanini waliochimba kaburi, na bwana Sadrudin wa dukani, aliyekuwa akitoa zawadi za watoto kila mwaka, na safari hii ametoa sanda. Uzi ule Damari ameusokota katika vidole vya baba yake, na tumeuacha humo.

Pumzika kwa amani ya Bwana, kaka. Damari alikuwa wa kwanza.