Neno la Mashineni

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Asanteni kwa kuitika, lakini naomba mkae, na msinipigie makofi. Mchungaji aliponiomba nisimame hapa nilimwambia anipe Jumapili tatu za kujiandaa. Alinipa, na zote tatu nimezimaliza nikitafuta namna ya kulisema jambo hili bila kujichafua. Sikuipata. Basi nitajichafua.

Wengi mnanijua kama mtu wa besi kwenye kwaya. Wengine mnanijua kama Baba Neema wa mashine ya kusaga, hapa hapa Miyuji. Kazi ile niliianza miaka ile biashara ilipofunguliwa, mitumba ikajaa sokoni na kila mwenye uwezo akafungua biashara yake. Tajiri wetu alinunua mashine iliyochoka, mota akaipeleka Kizota ikasukwa upya, akaniweka mimi niiendeshe. Kina mama wakaja na mtama na uwele, wakapanga foleni ukutani, na mimi ghafla nikawa mtu wa maana. Ndugu zangu, mtu anayesagia watu unga hujiona mkubwa kuliko alivyo. Kila anayetaka kula jioni anamsubiri yeye.

Mashine ile ilikuwa na kelele ya ajabu. Ukisimama hatua mbili humsikii mwenzako. Na mimi ndani ya kelele ile nilikuwa natukana.

Sisemi yale ya mtu aliyejigonga kidole na nyundo. Nasema matusi yenyewe. Mama wa watu anakuja, mashine tayari inanguruma, namwambia, "Shikamoo mama, lete hapa," natabasamu, namimina mtama wake kwenye mdomo wa mashine. Mashine ikishashika kasi, kwa tabasamu lile lile namtukana yeye, mwili wake na mama aliyemzaa. Yeye anaona midomo inacheza, anadhani naimba. Wengine walinijibu, "Asante, baba." Wabeba magunia waliokaa karibu walikuwa wamekwisha kujifunza kunisoma midomo, na walicheka mpaka wakashika mbavu. Nilikipenda kicheko kile, ndugu zangu. Nilikipenda kuliko mshahara.

Nilikuwa na maelezo yangu tayari. Nilisema matusi ni kupumua tu. Nilisema asiyetukana ni mnafiki, eti mimi angalau natoa la moyoni. Angalieni huo ukweli wangu sasa: natoa la moyoni pale tu ambapo hakuna anayesikia.

Baadaye, mambo yalipojulikana, ndugu wawili wa maombi walinijia kwa upendo wakasema nina pepo la matusi, waniombee litoke. Niliwashukuru, nikawaambia hapana. Tajiri alikuja mashineni kila Ijumaa. Alinisemesha vibaya, alinishika shati mbele ya watu, na hata siku moja midomo yangu haikucheza, hata mashine ingurume namna gani. Ni pepo gani linalomjua tajiri na kumheshimu, kisha linamvaa mama mwenye nusu debe la mtama? Halikuwa pepo. Ilikuwa woga wangu. Nilikuwa mtu mdogo anayetafuta mtu wa kuwa chini yake, nikampata kwenye foleni ya wanawake.

Na kuna jambo jingine ambalo sikuwa nimeliona. Sikuwahi kutukana kwa Kigogo. Kiswahili nilijifunza shuleni na mjini, na maneno yake machafu niliyaokota njiani kama vifuniko vya soda, nikayaona mepesi. Kwa Kigogo nisingethubutu. Kwa Kigogo kila neno lina sura ya bibi yangu.

Sasa, mwaka ule mvua haikunyesha vizuri. Nilimtumia mama yangu ujumbe kijijini aje akae nasi mpaka hali itengemae. Mama yangu alikuwa na Kiswahili cha kanisani tu, cha nyimbo na sala. Alishuka basi akiwa na kifurushi cha uwele wa wajukuu, na badala ya kwenda nyumbani akauliza mashine ya mwanawe iko wapi. Alitaka kuniona nikiwa kazini. Akaelekezwa, akaingia, akakaa mwisho wa foleni karibu na mlango, wala hakusema yeye ni nani. Mimi sikumwona.

Aliyekuwa mbele yangu ni Mama Stefano. Mnamjua, na yupo hapa leo. Nilipokuja Miyuji mara ya kwanza, sijapata chumba, ni yeye na mzee wake walionipa mkeka na maji ya kuoga kwa wiki mbili. Siku ile alikuwa na nusu debe la mtama. Akaniambia mzee anaumwa koo, anakunywa uji tu, akaomba nimwekee wavu mdogo ili unga utoke laini. Kubadilisha wavu ni lazima uzime mashine, ufungue, uanze upya. Nikamwambia, "Hakuna shida, mama." Sikubadilisha kitu. Nikamimina viganja viwili vya mtama ule, nikatabasamu, nikaanza kumtukana.

Umeme ukakatika. Ulikuwa wakati wa mgawo, lakini zamu yetu ilikuwa bado, kwa hiyo sikutegemea. Sauti ya mashine ikaanguka, yangu ikabaki juu pale pale. Neno likatoka lote, zima, kwenye ukimya, mbele ya wanawake kama kumi na tano.

Hata wabeba magunia hawakucheka. Mama Stefano alinitazama. Nilikuwa bado natabasamu, ndugu zangu, maana uso ulikuwa haujapata habari. Akavuta debe lake taratibu, akasema, "Haya, baba. Nitarudi umeme ukirudi." Akatoka.

Ndipo mtu wa mwisho kwenye foleni akasimama, akatusalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi." Sauti ile naijua tangu tumboni. Nilitamani ardhi inimeze.

Nikambebea kifurushi chake mpaka nyumbani. Tulipokwisha kula akaniuliza kwa Kigogo, "Lile neno ulilomwambia yule mama, maana yake nini? Watu wote walinyamaza. Liseme kwa lugha yetu nami nielewe."

Nikasema nitamwambia kesho. Mke wangu akainama akaanza kukusanya vyombo ambavyo vilikuwa vimeshakusanywa.

Kesho yake asubuhi umeme ulikuwepo, nikaenda kazini kama mtu asiye na kosa. Saa nne mke wangu akaja mbio, kanga imemwanguka mabegani. Akanisogelea sikioni: "Baba Neema, mama yuko bombani. Anawauliza wanawake maana ya lile neno. Analisema lote."

Naomba mfikiri kidogo. Mama yangu, mtu ambaye hata mbuzi hakuwahi kumwita jina baya, anapita Miyuji na uchafu wangu kinywani mwake, anautamka taratibu kwa adabu, silabi kwa silabi, asikosee. Na hajui amebeba nini.

Niliacha mashine inazunguka, nikakimbia. Bombani nikakuta wanawake wanatazama ndoo zao. Mmoja akanionyesha kwa kidevu upande wa kwa Mama Stefano. Nilipofika kwenye ua wa miti nikasikia mama yangu, ndani, anamaliza kulitamka. Anamwuliza yule yule niliyemtukana.

Mama Stefano alimsogezea kigoda. Kisha akasema, "Mama, hilo ni neno la mashineni. Huku majumbani halina kazi."

"Mbona hakuniambia hivyo?"

"Aliona haya tu, mama yangu. Mwache."

Ndugu zangu, pale uani nilikuwa nimepewa njia. Ningegeuka tu, nirudi mashineni, na mama yangu angekufa bila kujua. Yule niliyemvua nguo mbele ya watu alikuwa amevua kanga yake kunifunika mimi. Hapo ndipo moyo wangu ulipovunjika. Kama angenitukana ningejua la kumjibu.

Niliingia. Nikapiga magoti kwenye vumbi, nikamwambia mama yangu maana ya lile neno, kwa Kigogo. Ilinichukua muda mrefu, maana kila nililolishika lilikuwa zito, nikaliacha, nikashika lingine, nalo likawa zito zaidi. Nililia kama mtoto. Nilipomaliza, mama yangu hakulia wala hakunilaani. Aligeuka kwa Mama Stefano akauliza kama ana jiwe la kusagia.

Lilikuwepo nyuma ya jiko. Mama yangu akafunga kanga vizuri, akapiga magoti, akachukua ule mtama wa mzee mgonjwa, akaanza kuusaga kwa mikono. Alikuwa na magoti mabovu. Nikamwondoa pale, nikashika jiwe mimi. Nilisaga mpaka jioni, mwanamume mzima, njia ikipita pembeni na watu wanaona. Mama yangu alikaa kando akinimiminia mtama kidogo kidogo. Jiwe halina kelele ya kujifichia. Hata pumzi yako unaisikia. Pale kwenye jiwe, bila mchungaji wala kwaya, nilimwomba Mungu anisamehe na aushike mdomo wangu, na najua alinisikia, kwa sababu mara ya kwanza kwa miaka mingi nilikuwa nimenyamaza ndani na nje.

Sitawadanganya kwamba nimekuwa malaika. Juzi baiskeli ilinirushia matope, neno likafika hadi kwenye meno. Lakini mashineni nina utaratibu mmoja tangu siku ile: mtu akiniomba jambo, nazima mashine kwanza ndipo nimjibu. Tajiri ananung'unika, anasema ninamchelewesha. Namwambia ukweli, nami siku hizi namwambia mashine ikiwa imezimwa.

Wiki moja baadaye Mama Stefano alirudi na nusu debe. Foleni nzima ikamwangalia, ikaniangalia mimi. Akaliweka chini, akasema kama vile hajawahi kulisema, "Niwekee wavu mdogo, baba." Nikazima, nikafungua, nikabadilisha, parafujo zikiniponyoka. Yule mzee alikunywa uji laini mpaka Bwana alipomchukua.

Mama yangu naye ametangulia. Namshukuru Mungu kwamba alinijua kabla hajaondoka.

Nawe uliyekaa hapa, labda huna mashine. Labda una geti, una meza ya ofisi, una mlango wa chumba, na nyuma yake kuna maneno unayodhani hayamfikii mtu. Chukua moja tu kati ya hayo, ulitafsiri kwa lugha ya mama yako, ujaribu kulisema mbele yake. Ukishindwa, usikimbie. Njoo kwa Yesu na lile lililokushinda. Alinipokea mimi, atakupokea.

Nimemaliza, ila kuna jambo moja ambalo kwa miaka mingi nilikuwa nalisema huku mashine inanguruma. Leo hapa pametulia, kila mtu anasikia.

Mama Stefano, shikamoo.