Wenzu Buttigieg na Unga Uliozama Bandarini

Baba Paroko, shemeji Karmena, ndugu wa Bormla: karatasi ya mazishi mliyoshika ina maisha yote ya kaka yangu, isipokuwa aya moja ambayo mimi Salvu sikuipeleka kwa mchapaji. Nitaisoma leo, Mungu akinipa pumzi.

Marehemu Vincenz Buttigieg, Wenzu wetu, alizaliwa hapa Bormla, Malta, tarehe 4 Februari 1908, kifungua mimba wa Mikiel, mpakia makaa, na Filumena. Mimi nilimfuata miaka kumi baadaye.

Alisoma shule ya serikali mpaka darasa la nne. Mwalimu alimsifia kichwa, lakini njaa haingoji cheti, na akiwa na miaka kumi na miwili akaingia bandarini na baba. Mwaka 1938 alifanywa msimamizi wa wapakuzi ishirini na wanne, nami nikiwa mmoja wao. Undugu aliuacha nyumbani. "We Salvu, gunia halibembelezwi! Shika!"

Tarehe 28 Aprili 1935 alimuoa Karmena Mifsud wa Żabbar. Alifika altareni na vumbi la makaa masikioni. Padre akamnong'oneza, "Wenzu, umekuja kuoa au kupakia?" Karmena alicheka mpaka shela ikaanguka. Walijaliwa Mikiel, Ġorġ, na mwaka 1941 Stella.

Kisha vita. Waingereza walikishikilia kisiwa hiki kwa ajili ya njia yao ya kwenda Misri na India, na mabomu ya adui ya kuwatoa yakatuangukia sisi. Wakubwa wa London walizungumzia gharama ya kulinda makoloni. Sisi tuliiona kwenye sahani. Kufikia Machi 1942 mkate ulikuwa unakatwa mwembamba hadi unaona upande wa pili.

Tarehe 23 ya mwezi huo meli iliingia: mabaharia Wanorwe, walinzi Waingereza, na unga uliosubiriwa na matumbo ya Kimalta. Wenzao kadhaa wa meli nyingine walikuwa wamezama njiani. Wanawake walilia juu ya ngome, wakawarushia busu. Tulipakua siku nzima ya tarehe 24, bendera nyekundu ya hatari ikipanda na kushuka, ndege zikirudi tena na tena.

Tarehe 25 ilikuwa sikukuu ya Kupashwa Habari Bikira Maria. Saa sita mchana kazi ilisimama, watu wakaondoka kwenda misani, na hawakuonekana tena mpaka kesho yake asubuhi. Siku hiyo, tarehe 26, bomu likaipata meli, ikazama. Zaidi ya nusu ya unga ilikuwa bado tumboni mwake. Ofisa Mwingereza akatupanga mstari na kuuliza nani alituachia. Wenzu akasema, "Mimi." Akavuliwa usimamizi pale pale.

Mnajua Malta jina la utani likishaganda linarithiwa mpaka vitukuu. Wakamwita Wenzu wa Unga. Kwenye foleni ya supu ya serikali walimzomea mkewe: "Eti Karmena, mumeo hajaopoa hata gunia moja tuoke mkate?" Tarehe 9 Agosti, Stella alikufa kwa kuhara na njaa, akiwa na miezi kumi na minne. Siku sita baadaye zikaingia meli nyingine za chakula, pamoja na moja ya mafuta ya Wamarekani. Kengele zilipigwa, watu wakakumbatiana. Wenzu hakutoka ndani.

Alibeba mizigo kama kibarua hadi 1968. Mapafu yalimsumbua miaka minne, na alifariki nyumbani kwake Jumanne, tarehe 13 Novemba 1984, akiwa na miaka sabini na sita.

Sasa ile aya.

Siku ile ya sikukuu Wenzu alikataa kutuachia. Alisema, "Bikira Maria ana watu wengi wa kumwimbia. Unga huu una sisi tu." Nikambembeleza mbele ya wenzangu mpaka wote wakapiga kelele. Akatoa ruhusa ya saa mbili. Saa mbili tu! Mimi ndiye niliyewafuata ngazini nikawaambia, "Kaka katoa siku nzima, nendeni majumbani." Jamani, sikuwa na hamu ya misa. Nilikuwa naogopa mabomu, nikaona haya kurudi nyumbani peke yangu. Yeye alikaa kwenye sitaha akitungoja mpaka jua likazama.

Ofisa alipouliza, kaka alinitazama kwanza. Jioni nilimwambia nitasema kweli. Akanijibu, "Nyamaza. Wewe ndiyo kwanza unatafuta mchumba. Jina hilo likikushika, nani atakupa binti yake?" Nikanyamaza. Nikaoa. Nikasaidiana naye kumzika Stella, na bado nikanyamaza. Nimekuwa mwoga miaka arobaini na miwili.

Marehemu ameacha mjane, Karmena. Wana wawili, Mikiel na Ġorġ. Na wajukuu saba ambao shuleni wanaitwa wa Unga. Ameniacha na mimi. Kuanzia leo niiteni mimi Salvu wa Unga, na wanangu, na wajukuu wangu. Hao saba waiteni Buttigieg.

Shemeji, nikishuka hapa nitakuja ulipokaa. Ukininyima mkono, ni haki yako.

Lala kwa amani, kaka. Si wewe uliyetuachia.