Mama Virginie na serumu ya heshima

Baada ya miaka thelathini na moja ya kazi, Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba, Mama Virginie Kasonia anarudisha funguo za ofisi. Sisi wenzake tunasema tumefurahi. Kweli, tumefurahi nusu tu.

Mama Virginie ni mfamasia. Kazi yake ilikuwa kuzunguka hospitali za Butembo na Beni akiangalia namna dawa zinavyoandikwa, na kama mgonjwa alizihitaji. Mwanzoni madaktari walimwogopa, lakini hakuwa mtu wa kugombeza. Aliketi kando ya kitanda, akamuuliza mgonjwa kama ameelezwa dawa yake ni ya nini. Wengi walitikisa kichwa, na daktari aliyesimama pale akasikia mwenyewe.

Vita vyake vikubwa vilikuwa na serumu, yale maji ya chupa yanayoingizwa kwenye mshipa. Huku kwetu, mgonjwa asipotundikiwa chupa, familia inasema hakutunzwa. Akiwa mtu wa cheo ndiyo kabisa: anaongezewa antibiotiki, sindano juu ya sindano, kwa heshima. Mama Virginie aliogopa jambo moja: vijidudu vitazoea dawa hizo, na siku mtoto atakapougua kweli, hazitamponya.

Basi, mwaka fulani homa ikamshika Mama mwenyewe akiwa kazini Vuhovi. Muuguzi Josaphat, bado mgeni katika kazi, akaona balaa: mkaguzi wa Butembo afie mikononi mwake? Akaleta serumu, sindano mbili, na blanketi la mke wake. Mama Virginie, meno yakigongana, akamwambia: "Mutoto yangu, dawa ya heshima hapana. Pima kwanza."

Ilikuwa malaria ya kawaida, vidonge vikatosha. Blanketi alilipokea, na mpaka leo hajalirudisha.

Josaphat huyo ndiye anayeshika nafasi yake. Mama alikuwa na wasiwasi, akisema wazi kwamba akitoka tu, watu watarudia chupa zao. Lakini wiki jana, katika ziara yao ya mwisho Beni, kabla Mama hajafungua mdomo, mzazi mmoja alimsimamisha daktari aliyemletea mtoto wake sindano, akauliza ni ya nini. Daktari akafikiri, akaiweka chini, akaagiza kipimo. Mama Virginie akamwangalia Josaphat, akacheka, akatoka nje. Hakubaki na la kuuliza.

Asante, Mama. Upumzike vizuri Bulengera na wajukuu, na afya isikupungukie. Homa ikikushika, tutakuja na kipimo. Blanketi unalo.